Njia ya Kusini Hadi Lubudi

Reli ya Katanga, kusini mwa Kongo, haikutoka Kinshasa wala Matadi. Ilipanda kutoka kusini, Cape Town, ikavuka Zambezi penye maporomoko mwaka 1905, ikaingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ikasogezwa mbele, ikapita Tenke na Lubudi, hata ikaufikia mto Lualaba pale Bukama mwaka 1918. Lubudi ikapata jina kwa saruji, na shaba ikateremka kwa reli hadi baharini.

Programu huria inayotumika leo katika zoni ya afya ya Lubudi nayo ilianzia Cape Town.

Mwaka 1994 ubaguzi wa rangi ulipoanguka, huduma za afya za Afrika Kusini zilikuwa zimegawanywa vipande vipande kwa rangi za watu, kila idara na fomu zake. Wanaharakati na watafiti, akiwamo Jørn Braa kutoka Norwe, walitaka hesabu moja ya wagonjwa wote. Wakaunda DHIS, programu ya takwimu za afya, wakaigawa bure. Ila msingi wake ulikuwa Microsoft Access. Bila Windows haikwenda. Aliyepewa programu bure alibaki akihitaji leseni ya kampuni.

Fundo hilo lilifunguliwa Oslo. Chuo Kikuu cha huko kiliiandika upya kwa Java, ikaitwa DHIS2, ikaweza kukaa juu ya Linux na hifadhidata huria. Jimbo la Kerala, India, ambalo sera yake ilipendelea programu huria, ndilo lililoitumia kwanza, mwaka 2006. Kwangu mimi uamuzi huo wa kuiandika upya ndio mkubwa kuliko yote katika safari hii, kwani wizara maskini iliweza sasa kufungua kompyuta elfu bila kulipia leseni hata moja. Mwaka 2011 Kenya ikaieneza nchi nzima kwa seva moja, wahudumu wakiingia kwa modemu za simu. Kongo ikafuata, na leo zoni zake zote 519 zimo.

Lubudi kazi huanza kwenye karatasi. Muuguzi wa kituo hujumlisha daftari zake mwisho wa mwezi: malaria, wajawazito, waliozaliwa, chanjo. Anajaza kile wanachokiita kanevasi ya SNIS, fomu ya mwezi ya mfumo wa taifa wa taarifa za afya, inapelekwa ofisi kuu ya zoni, na huko tarakimu huingizwa katika DHIS2. Hapo ndipo mkoa na Kinshasa huziona.

Dar es Salaam na Kampala zina mafundi wanaoifungua programu hii na kuirekebisha. Dar ni palepale chuo kikuu kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Katanga, inayozungumza Kiswahili mgodini, sokoni na kliniki, inastahili mafundi wa namna hiyo.

Basi vijana wa Kolwezi na Lubudi, tafuteni kompyuta kuukuu, wekeni Debian au Ubuntu, kisha PostgreSQL, Java na Tomcat, mwishowe DHIS2 yenyewe. Data ya majaribio, yenye ramani ya Sierra Leone, hupakuliwa bure. Ivunjeni, iundeni tena, na vituo vya afya vikikwama fundi awe jirani.