Chingamu na Meno ya Watoto Wetu: Ilikotoka na Ipi ya Kuchagua

  Leo tunaangalia kitu kidogo ambacho hukosi kukiona kwenye kioski, karibu na peremende na biskuti. Nacho ni chingamu. Wazazi wengi huuliza kama ni kweli kuna chingamu inayosaidia meno. Jibu ni kwamba ipo inayosaidia na ipo inayoharibu, na ukizitazama kwa nje zinafanana sana. Ili tuweze kuzitenganisha, inafaa kwanza tujue zilikotoka.

Kutafuna bila kumeza si jambo la juzi. Mwaka 2019 wanasayansi walieleza habari za kipande cha lami ya gome la mti kilichochimbwa nchini Denmark, ambacho mtu alikitafuna miaka 5,700 hivi iliyopita. Wagiriki wa kisiwa cha Chios wametafuna utomvu wa mti wao wa mastiki tangu zama za kale. Nasi pia tulikuwa na vya kwetu. Kule pwani neno ubani lina maana mbili mpaka leo: ule unaofukizwa nyumbani, na kile kitu kinachotafunwa. Tena kuna mswaki wenyewe, kijiti cha mti ambacho bado kinauzwa kandokando ya barabara hapa Nairobi. Unakitafuna ncha mpaka inakuwa kama brashi, kisha unasugua. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza watu waliouzoea mswaki huo waendelee kuutumia. Kwa hivyo mama, kama nyanya yako alikuwa na mswaki mdomoni asubuhi nzima, alikuwa anafanya jambo la maana. Alikuwa anasugua meno, na papo hapo alikuwa anayaita mate.

Tukae kidogo kwenye hayo mate, kwa sababu habari yote ya leo iko hapo.

Mtoto anapokula mandazi, akanywa chai ya sukari au akamumunya peremende, bakteria wanaoishi juu ya meno nao wanakula ile sukari. Wakishakula wanatoa asidi. Asidi inayeyusha madini ya ganda gumu la nje la jino. Halafu mate yanaanza kazi. Yanaiosha ile asidi, na kwa kuwa yana madini ya kalsiamu na fosfeti, yanarudisha kwenye jino sehemu ya kile kilichoyeyuka. Ni kama ukuta wa udongo. Mvua ikibomoa kidogo, unakandika, na nyumba inasimama. Lakini mvua ikinyesha asubuhi, mchana na jioni bila kuacha, utakandika saa ngapi? Mtoto anayekula kitu kitamu kila baada ya dakika chache ana mate mazuri tu, ila hayapati nafasi ya kufanya kazi. Ndiyo sababu ni afadhali mtoto ale peremende zake zote kwa wakati mmoja baada ya chakula, kuliko kumumunya moja moja kutwa nzima.

Sasa, ukitafuna kitu chochote mate hutoka kwa wingi zaidi. Hilo watu walilihisi mapema. Tarehe 28 Desemba 1869 daktari wa meno mmoja wa Marekani, William Semple wa mji wa Mount Vernon huko Ohio, alisajili serikalini haki ya kutengeneza chingamu. Alitaka iwe ya kusafisha meno, na miongoni mwa vitu alivyopendekeza kutia ndani ni chaki na mkaa uliosagwa. Nyanya zetu waliosugua meno kwa mkaa wangemwelewa mara moja. (Usiwaige lakini, mkaa hukwaruza ganda la jino.) Chingamu ya Semple haikuingia sokoni. Waliofaulu ni wafanyabiashara. Thomas Adams wa New York alijaribu kutengeneza mpira kwa utomvu wa mti kutoka Mexico, akashindwa, akaanza kuuza utomvu huohuo wa kutafuna. Mwaka 1871 akasajili mashine yake. Mwaka 1891 William Wrigley alifika Chicago akiuza sabuni, na kila aliyenunua alipewa zawadi. Baadaye zawadi hiyo ikawa chingamu, na watu wakaipenda kuliko bidhaa yenyewe. Mwaka 1893 akaanza kuuza Juicy Fruit.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Ili chingamu iuzike ilitiwa sukari, tena si kidogo. Katika chingamu ya kawaida ya sukari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Kitu ambacho daktari alikifikiria kuwa cha kusafisha meno kikawa cha kuyaoza.

Na sukari haikutujia kwa chingamu peke yake. Kiwanda cha Miwani kilianza mwaka 1922, Muhoroni 1966, Chemelil 1968, na Mumias 1973. Kitu kilichokuwa cha wachache kikawa cha kila nyumba, hata kwa kupimiwa kidogo kidogo kwenye kioski. Ukikua Nairobi miaka ile ya Big G, unakumbuka vile mtoto alivyotumwa dukani akarudi na chingamu au peremende badala ya chenji. Hakuna mzazi aliyeona ubaya. Ilikuwa ni kitu cha kumfurahisha mtoto, na mtoto anastahili kufurahi.

Jambo lililotenganisha chingamu na sukari lilitokea mbali, nchini Finland, katika mji wa Turku. Kati ya mwaka 1972 na 1974 watafiti wakiongozwa na Arje Scheinin na Kauko Mäkinen waliwapa watu utamu mwingine badala ya sukari, uitwao zailitoli. Zailitoli hutolewa kwenye miti, na pia kwenye magunzi ya mahindi, haya haya tunayoyatupa au kuwashia moto. Ni tamu kama sukari, ila bakteria wanaooza meno hawawezi kuigeuza kuwa asidi. Waliotafuna chingamu ya zailitoli meno yao yalioza kidogo sana kuliko ya waliotafuna ya sukari. Mwaka 1975 chingamu hiyo ikaanza kuuzwa madukani Finland.

Labda utasema, hao ni watu wa Ulaya. Basi sikiliza habari ya Belize, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Kati ya mwaka 1989 na 1993 watoto zaidi ya 1,200 wa umri wa miaka 10 hivi walifuatiliwa kwa miezi 40. Wengine hawakupewa chingamu, wengine walipewa ya sukari, wengine ya sobitoli, ambayo ni aina nyingine ya utamu usio sukari, na wengine ya zailitoli. Waliotafuna ya sukari walikuwa na hali mbaya kidogo kuliko wasiotafuna kitu. Wa sobitoli walikuwa na nafuu. Wa zailitoli tupu ndio walifanya vizuri kuliko wote.

Sasa mama, hii inayofuata inakuhusu wewe mwenyewe. Mtoto hazaliwi na bakteria wa kuoza meno. Huwapata baadaye, na mara nyingi huwapata kwa yule anayemlea, kupitia kijiko kilichoonjwa au chakula kilichotafuniwa. Watafiti wa Finland wakajiuliza: je, tukimtibu mama, mtoto atapona? Katika mji wa Ylivieska walichukua akina mama 195 waliokuwa na bakteria hao kwa wingi. Baadhi yao walitafuna chingamu ya zailitoli angalau mara 2 au 3 kwa siku, kuanzia mtoto akiwa na miezi 3 hadi alipofika miaka 2. Wengine walipakwa dawa kwenye meno. Watoto wenyewe hawakupewa chochote. Matokeo yalitolewa mwaka 2000. Watoto wa waliotafuna zailitoli walipofika miaka 5, kuoza kwa meno yao kulikuwa kumepungua kwa takriban asilimia 70 wakilinganishwa na wale wengine.

Ni habari tamu, lakini tusiimeze yote bila kutafuna. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na si kila uliofuata ulipata matokeo makubwa namna hiyo. Mwaka 2015 wataalamu wa kundi la Cochrane walipitia tafiti za zailitoli kwa pamoja wakaona ushahidi mwingi ni dhaifu. Kwa maoni yangu, chingamu ya zailitoli ni msaidizi mzuri, lakini si mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni dawa ya meno yenye floraidi. Kwa hiyo kama pesa uliyo nayo inatosha kitu kimoja, nunua dawa ya meno, hata ile pakiti ndogo kabisa. Mtoto wa chini ya miaka 3 mwekee kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya minji. Msugue wewe mwenyewe, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kuanzia jino la kwanza linapochomoza. Baada ya kusugua usiku, asipewe chupa ya maziwa wala chai ya sukari kitandani.

Ukiwa na za ziada na unataka chingamu, igeuze karatasi usome. Tafuta maneno mawili ya Kiingereza, "sugar free". Yasipokuwepo, ujue ni peremende tu inayotafunika. Kisha angalia orodha ya vitu vilivyotumika: kinachotajwa mwanzo ndicho kingi zaidi. Zailitoli huandikwa xylitol, inaanza na herufi X. Ikiwa ya kwanza kwenye orodha, hiyo ndiyo bora. Ikiwa ni ya mwisho mwisho, imetiwa ya kupamba karatasi. Sobitoli ikiwa ya kwanza si mbaya. Mate yatatoka vilevile. Tafuna kwa dakika 20 hivi baada ya kula, kisha itupe. Ukizidisha, tumbo litakuendesha. Na usiiache mahali mbwa anaweza kuifikia, maana zailitoli ni sumu kwake. Mtoto wa chini ya miaka 5 usimpe chingamu ya aina yoyote, inaweza kumkaba.

Utasikia pia matangazo ya chingamu zinazorudisha madini kwenye jino. Si uongo mtupu. Huko Melbourne, Australia, Profesa Eric Reynolds na wenzake waligundua namna ya kubeba kalsiamu na fosfeti kwa kutumia protini ya maziwa ya ng'ombe, na chingamu zikatengenezwa kwa njia hiyo. Jina lake la biashara ni Recaldent. Mwenye mzio wa maziwa asiitumie. Nyingine zina madini yanayofanana na ya jino lenyewe, lakini nguvu ya hizo bado inachunguzwa, na bei yake huwa kubwa. Zikumbuke kama nyongeza, kwa sababu mate yako tayari yanabeba madini hayo bila malipo, mradi yapewe nafasi.

Leo ukimwosha mtoto, inua mdomo wake wa juu uangalie pale meno yanapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, hapo madini yameanza kutoka, na bado yanaweza kurudi. Ongeza kusugua, punguza vitamu, mpeleke aangaliwe. Ukiona madoa ya kahawia kwenye meno magumu ya mtoto mkubwa, mara nyingi hayo ni ya maji yenye floraidi nyingi, hasa ya visima virefu, wala si uchafu, usimkemee. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa mwaka 2015, watoto kama 4 kati ya 10 walikuwa nayo, na karibu robo ya watoto walikuwa na meno yaliyooza.

Ukiona shimo, hakuna chingamu duniani inayoliziba. Mpeleke hospitali yenye daktari wa meno. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali yake ya meno kwenye Barabara ya Argwings Kodhek, si mbali na Kibera wala Kawangware. Na usiogope kwamba lazima jino ling'olewe. Katikati ya miaka ya 1980 huko Dar es Salaam, Jo Frencken alianzisha njia ya kusafisha shimo kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine ya umeme, kisha kulijaza dawa inayogandamana na jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi zote. Mara nyingi haihitaji hata sindano. Ukifika, uliza kama jino la mtoto wako linaweza kuzibwa kwa njia hiyo.