Linki za kitapeli: namna ya kuzijua kabla hujabofya



Leo tuongelee kitu kinacholiza watu kimya kimya. Umekaa zako kafe, iwe Mwanjelwa au Miomboni, umelipia nusu saa. Mara unakutana na ujumbe: "MATOKEO YA FORM SIX YAMETOKA, bofya hapa uone jina lako". Chini yake kuna linki ya bluu. Moyo unakwenda mbio, unabofya. Unafunguka ukurasa wenye nembo ya taifa, bibi na bwana wote wapo. Unaombwa namba ya mtihani, namba ya NIDA, baruapepe na neno la siri la hiyo baruapepe. Unajaza. Ukurasa unagoma. Unalaumu mtandao wa kafe, unalipa, unaondoka.

Kumbe mtandao haukuwa na kosa lolote. Umeshaingizwa mjini.

Swali la kujiuliza hapo: ungejuaje? Nembo ilikuwepo, rangi zilikuwepo, Kiswahili kilikuwa safi. Jibu ni kwamba hivyo vyote vinanakiliwa kwa dakika chache. Kitu kimoja ambacho tapeli hawezi kukinakili sawasawa ni ANWANI ya ukurasa. Ukijua kuisoma, umejikinga na sehemu kubwa ya utapeli huu. Na kuisoma si kazi ya wataalamu, ni kazi ya dakika moja.

LINKI NI NINI HASA?

Linki ina sehemu mbili: maneno unayoyaona na mahali inakokupeleka. Hizo mbili si lazima zifanane. Ni kama basi. Kibao cha mbele kimeandikwa Mbeya, umepanda Iringa umetulia, mkifika Makambako gari linakata kuelekea Njombe na Songea. Kibao hakiendeshi gari.

Kwa hiyo kabla hujabofya, angalia inakokwenda. Kwenye kompyuta weka mshale wa mausi juu ya linki bila kubofya, halafu tazama chini kabisa kwenye kona ya kushoto ya brauza. Anwani halisi itajitokeza pale. Kwenye simu bonyeza linki na uishikilie kidogo mpaka anwani itokee, usiiachie haraka.

SOMA KUTOKA KULIA

Wengi tunasoma anwani kutoka kushoto, na matapeli wanalijua hilo. Wanaweka jina unalolijua mwanzoni ili macho yako yaridhike. Fanya hivi:

1. Tafuta mkwaju wa kwanza unaokuja baada ya ule mwanzo wa https://
2. Simama hapo. Rudi nyuma kuelekea kushoto.
3. Jina lililo karibu kabisa na huo mkwaju, pamoja na mwisho wake, ndilo la mwenye nyumba.

Mfano: https://matokeo.necta.go.tz/ . Ukirudi nyuma kutoka kwenye mkwaju unakuta necta.go.tz. Huyo ndiye Baraza la Mitihani mwenyewe. Lile neno "matokeo" la mwanzo ni chumba tu ndani ya nyumba yake.

Sasa tazama mfano huu wa kutunga: https://necta.go.tz.matokeo-yako.com/form6 . Mwanzoni unaona necta.go.tz unashangilia. Lakini rudi nyuma kutoka kwenye mkwaju: mwenye nyumba ni matokeo-yako.com, yaani mtu yeyote aliyelipia hilo jina. Necta hapo imewekwa kama pambo la mlangoni.

MIISHO YA KUIJUA

.go.tz ni ya taasisi za serikali. Bodi ya Mikopo ni heslb.go.tz, Sekretarieti ya Ajira ni ajira.go.tz (kuomba kazi ni portal.ajira.go.tz), NIDA ni nida.go.tz. Mtu binafsi hauziwi mwisho huu.

.ac.tz ni ya vyuo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ni must.ac.tz, Chuo Kikuu cha Iringa ni uoi.ac.tz.

.co.tz ni ya biashara. Hapa umakini unahitajika zaidi, kwa sababu biashara yoyote inaweza kusajili jina. Kwamba linaishia .co.tz hakumaanishi ni benki yako. Soma jina lote.

.com, .net, .xyz na wenzake ni za yeyote mwenye pesa kidogo, popote duniani. Ofisi ya serikali ikikuita huko kujaza NIDA yako, shtuka.

UJANJA MWINGINE WANAOUTUMIA

Herufi pacha. Sifuri badala ya "o", namba 1 badala ya "l", au "r" na "n" zikikaa pamoja zinaonekana kama "m". Kwenye kioo kidogo cha simu huwezi kugundua haraka, kwa hiyo ikuze.

Linki fupi. Zile za bit.ly na mfano wake zinaficha inakokwenda. Si zote mbaya, ila kama aliyeituma hajulikani, achana nayo. Ukitaka kuipima, inakili (usiifungue) ukaibandike kwenye virustotal.com. Tovuti hiyo inaikagua kwa programu nyingi za kuzuia virusi kwa mpigo, bure. Ila hata ikisema safi usijaze siri zako, maana linki iliyotengenezwa leo asubuhi inaweza kuwa bado haijajulikana.

Alama ya kufuli. Kuna watu wanaamini ukiona kufuli au https basi tovuti ni ya kweli. Sio hivyo! Kufuli maana yake mazungumzo kati yako na tovuti yamefungwa, mtu wa katikati hasomi. Haisemi uliyefungiwa naye chumbani ni nani. Tapeli naye anaweza kuweka kufuli, tena bila gharama.

Jina la faili. Hili ni la zamani lakini bado lipo. Tarehe 4 Mei 2000 baruapepe yenye kichwa "ILOVEYOU" ilizunguka dunia na kuharibu mamilioni ya kompyuta. Ndani yake kulikuwa na faili lililoonekana kama barua ya mapenzi ya maandishi tu: LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Mwisho wake halisi ulikuwa .vbs, yaani programu, ila Windows ilikuwa inaficha mwisho huo. Somo ni lile lile: angalia mwisho. Leo faili la "orodha ya majina" likiishia .apk au .exe, hiyo sio orodha. Ni programu inayotaka kuingia kwenye simu au kompyuta yako.

CHAMBO CHA KWETU

Utapeli huu umefananishwa na uvuvi, na mvuvi anajua samaki wa ziwa lake wanakula nini. Kwa vijana wa nyanda hizi chambo ni hivi:

Mkopo wa chuo. Madirisha ya maombi yakifunguliwa katikati ya mwaka zinatoka linki za "kurekebisha fomu" au "kuongezewa asilimia". Bodi haiongezi asilimia kwa linki ya kwenye grupu.

Ajira. "Nafasi 500, mwisho leo saa 10 jioni, lipia fomu." Malipo ya serikali yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi wanaiita kontroo namba. Hayaendi kwenye namba ya simu ya "afisa".

Mkopo wa haraka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Ukipakua programu ya namna hiyo ukairuhusu kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, shangazi yako wa Tukuyu anaweza kupigiwa kuambiwa unadaiwa.

Bando la bure. "Kampuni inatimiza miaka kadhaa, GB 50 bure, tuma kwa marafiki 10." Hapa wewe unageuzwa kuwa mpiga debe wa tapeli. Marafiki wanaamini kwa sababu imetoka kwako.

Namba sita. "Samahani dada, nimekosea nimekutumia namba sita kwenye meseji, nitumie." Hizo ni namba za kufungulia WhatsApp YAKO. Ukizitoa, akaunti inahamia kwake, na dakika kumi baadaye anawakopa ndugu zako kwa jina lako.

Ukiviangalia vyote vina dawa moja ndani yake: HARAKA. Mwisho leo, nafasi chache, akaunti itafungwa. Anataka ubofye kabla hujasoma. Wazee walishasema haraka haraka haina baraka.

UKIWA KAFE AU STESHENERI

Kompyuta ya kafe ni kama kitanda cha gesti, hujui aliyelala kabla yako wala atakayelala baada yako. Kwa hiyo:

- Andika anwani mwenyewe kwa mkono. Usifuate linki kwenda mahali pa kuingiza neno la siri.
- Fungua dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome, Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Ukilifunga halibakizi kumbukumbu ya kurasa. Lakini halizuii programu ya kunasa unachochapa kama mtu ameipandikiza kwenye mashine.
- Kompyuta ikiuliza kama isevu neno la siri, kataa.
- Mambo ya benki na pesa za simu usifanye kwenye kompyuta ya watu. Subiri simu yako.
- Usimwachie mhudumu neno lako la siri "akujazie". Wengi ni waaminifu, ila likiandikwa kwenye daftari la kaunta sio siri tena. Mwambie, "Kaka, naomba hapo niandike mwenyewe." Hawezi kukasirika.
- Ukimaliza, toka kwenye akaunti, futa vyeti ulivyopakua, na pipa la taka la kompyuta nalo ulimwage.

UMESHABOFYA? FANYA HIVI

Usione aibu, ukakaa kimya. Kufungua ukurasa peke yake mara nyingi hakuleti madhara makubwa. Hatari inakuja ulipojaza siri au kupakua kitu, au mashine yenyewe ikiwa ya zamani isiyosasishwa.

1. Kama umepakua kitu, zima data. Usikifungue. Kama ulishakiweka, kiondoe.
2. Badili neno la siri kwa kifaa kingine unachokiamini. Anza na BARUAPEPE, maana hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine zote. Kisha chagua kutoka kwenye vifaa vyote.
3. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kwenye baruapepe na WhatsApp.
4. Kama umetoa namba ya siri ya pesa za simu, ibadili saa hiyo hiyo, halafu piga 100 kwa mtandao wako. Kama ni benki, wapigie kwa namba iliyo nyuma ya kadi, sio namba iliyotumwa na linki.
5. Ukitapeliwa kwa meseji, itume kwenda 15040, namba ya TCRA. Utaulizwa namba iliyokutumia, ijibu. Piga pia *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe.
6. Kama pesa imeondoka nenda polisi uchukue RB. Beba ushahidi: picha ya ujumbe, anwani ya linki, saa na kiasi. Usiufute ujumbe kwa hasira.
7. Waambie watu wako. Meseji moja ya "msifungue linki iliyotoka kwangu" inaweza kuokoa ada ya mtu.

SHERIA INASEMAJE?

Yule kijana wa Ufilipino aliyehusishwa na "ILOVEYOU" mwaka 2000 aliachiwa, kwa sababu nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo wakati ule. Kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Septemba 1 mwaka huo huo. Udanganyifu kwa kutumia kompyuta adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20 au mara tatu ya alichojipatia, kipi kikubwa, au jela isiyopungua miaka 7, au vyote. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni faini isiyopungua milioni 5 kwa utaratibu huo huo, au jela isiyopungua miaka 7.

Na tusidhani mambo haya ni ya Dar tu. Kwenye ripoti za TCRA za mwaka 2024 kuhusu majaribio ya utapeli kwa simu, mikoa iliyokuwa juu ni Rukwa na Morogoro. Rukwa si mbali na Mbeya, na Morogoro ni jirani wa Iringa. Tapeli anaweza kuwa anajua lafudhi yako.

Sheria ipo, lakini inakuja baada ya kilio. Pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi kweli kweli, na namba ya NIDA ikishajulikana huwezi kuibadili kama neno la siri.

Kwa hiyo wadau, tukumbuke mawili. Soma anwani kutoka kulia. Na hakuna ofisi ya kweli inayokuomba neno la siri, sio ya serikali, sio benki, sio kampuni ya simu. Ukiombwa, hata kwa upole wa aina gani, hata ukiitwa mpenzi mteja, hapo hapo funga ukurasa.

Nusu saa ya kafe unaweza kuilipia tena kesho. Mwambie na mdogo wako anayesubiri matokeo.