Mafuta ya Kalamu

Kalamu ya mwanzi, ambayo waandishi wa Lamu, Pate na Mombasa waliitumia kunakilia tendi zao kwa herufi za Kiarabu, haikuwa na kiungo hata kimoja kinachosogea. Mwandishi aliichonga kwa kisu, akaichovya kidauni, akaandika. Ilipokwisha makali aliichonga tena. Jina lake lenyewe, ambalo lilitujia kwa njia ya Kiarabu, lina asili yake katika neno la Kiyunani lenye maana ya mwanzi. Chombo cha namna hiyo hakidai mafuta. Kalamu ilianza kudai mafuta siku ilipotakiwa ijichukulie wino wake yenyewe tumboni, na habari ya mafuta hayo, ijapokuwa yaonekana kuwa shughuli ya mafundi tu, ni sehemu ya historia ya uandishi ambayo sisi tulio wanafunzi wa maandishi tumeiacha mikononi mwa wengine.

Tatizo lenyewe laweza kuelezwa kwa maneno machache. Wino wa kalamu hizi ni maji yaliyotiwa rangi, nayo yapasa yasitoke ila kwa njia ya nibu. Bomba la kalamu likifungwa pande zote, wino hauna pa kuingilia. Likifanyiwa mlango, wino huvuja hapo mlangoni. Basi hapana budi pawe na kitu kinachoziba barabara na papo hapo kinateleza. Kuziba na kuteleza ni mambo mawili yanayopingana, na kilainishi ndicho msuluhishi wao.

Lewis Waterman wa New York alipopewa hati ya uvumbuzi wake mwezi wa Februari 1884, alilokuwa amelitatua ni jambo la nibu: alichonga mifereji myembamba chini yake, wino ukawa washuka kwa kiasi na hewa yapanda mahali pake. (Kile kisa kinachosimuliwa kila mara, cha wakala wa bima aliyemwagikiwa na wino juu ya mkataba, tusikishike sana, kinanuka matangazo ya biashara kuliko historia.) Bomba la kalamu za siku zile lilifanywa kwa ebonaiti, yaani mpira uliotiwa salfa nyingi na kupikwa hata ukawa mgumu kama pembe. Charles Goodyear alikuwa amepata hati ya kupika mpira kwa salfa mwaka 1844, na nduguye Nelson akapata ya mpira mgumu mwaka 1851. Kalamu hizo zilifunguliwa shingoni na kutiwa wino tone kwa tone, kwa hiyo mahali pa hatari palikuwa pamoja tu, penye hesi za shingo.

Mambo yalibadilika kampuni ya De La Rue ya London ilipoleta kalamu ya Onoto mwaka 1905. Hiyo ilijazwa kwa kuvuta na kusukuma ufito upitao nyuma ya bomba, na pale ufito ulipopenya palifungwa kwa kizibo cha gome la mwaloni, ambalo ndilo lile lile la vizibo vya chupa za divai. Mwaka 1929 kampuni ya Günther Wagner, Hannover, ikatoa kalamu ya Pelikan, kwa uvumbuzi ilioununua kwa mhandisi Theodor Kovács. Hapa mwandishi alizungusha kishikio nyuma ya kalamu, na pistoni iliyovikwa gome lile lile ikapanda na kushuka ndani ya bomba zima, ikivuta wino kama bomba la sindano.

Gome hilo ni kitu cha ajabu. Limejaa vijumba vidogo vya hewa, hivyo likibanwa hunywea na likiachwa hufura na kurudi lilivyokuwa. Lakini lina aibu moja, nayo ni kukauka. Kalamu ikiwekwa sandukuni miaka mingi bila wino, gome husinyaa likaacha kugusa ukuta wa bomba, na siku mjukuu anapoijaza, wino humchafua vidole. Mafundi walilitibu kwa kulichemsha katika nta ya nyuki na nta ya parafini hata vile vijumba vikanywa, kisha wakalipaka mafuta kidogo. Tangu mwaka 1872, Robert Chesebrough alipopata hati yake huko Marekani, mafuta ya mgando yatokanayo na petroli yalipatikana kwa bei nafuu, nayo gome la mwaloni haliyaogopi. Katika zama za gome, basi, fundi aliyesema kwamba mafuta ni mafuta hakuwa mbali na ukweli.

Kosa lilianza pale msemo huo ulipohamishiwa kwenye kalamu za aina nyingine. Mwaka 1908 Walter Sheaffer, sonara wa mji wa Fort Madison katika jimbo la Iowa, alipata hati ya kalamu yenye kifuko cha mpira laini kilichobanwa kwa wenzo mdogo ubavuni. Namna hiyo ilienea upesi, ikaigwa na wengi. Ndani yake hakuna kinachoteleza. Kifuko hubanwa kikaachiwa, basi. Lakini mtu aliyeona wenzo unakaza aliweza kushawishika kudondoshea humo tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya cherehani, kama yale ya mgando, yametoka katika petroli, na petroli na mpira ni jamaa wa karibu katika kemia: vyote viwili vimejengwa kwa kaboni na haidrojeni. Kwa hiyo mpira huyanywa mafuta hayo, ukavimba, ukalegea, ukawa kama ulimbo. Ubaya wa jambo hili ni kwamba hauonekani siku ile. Siku ile wenzo wasogea vizuri na mwenye kalamu afurahi; miezi ikipita, kifuko chapasuka na wino wamwagika ndani ya kalamu iliyokuwa urithi. Mafuta ya kupikia nayo yana maafa yao, kwani huchacha na kuganda kama gundi. Kifuko cha mpira hakitaki zaidi ya poda kavu ya talki, isiyotiwa manukato.

Aliyewatoa mafundi katika mashaka haya hakuwa na habari ya kalamu kabisa. Frederic Kipping wa Nottingham, Uingereza, alichunguza misombo ya silikoni kwa muda wa miaka arobaini hivi, naye ndiye aliyeieneza kwa jina hilo. Kwake yeye ile mitope yenye kunata iliyobaki katika vyombo vyake ilikuwa usumbufu, na mwaka 1937 alitamka hadharani kwamba haoni tumaini la maendeleo makubwa ya karibu katika elimu hiyo. Miaka sita baadaye, mwaka 1943, katikati ya vita, kampuni ya Dow Corning iliundwa Marekani, na miongoni mwa bidhaa zake za kwanza ilikuwa grisi ya silikoni ya kuzuia unyevu katika mitambo ya umeme wa injini za ndege zipaazo juu sana.

Sifa zilizoifaa ndege ziliifaa kalamu pia. Grisi hii haikauki upesi, haichachi, haiyeyuki katika maji, wala haidhuru mpira wa kawaida au plastiki nyingi. Ndiyo maana kampuni ya TWSBI ya Taiwan, katika karne hii, imeuza kalamu zake za pistoni pamoja na kichupa cha grisi hiyo na spana ndogo, kana kwamba yamwambia mnunuzi: sasa wewe ndiwe fundi.

Hata hivyo silikoni nayo ina mipaka, na hapa ndipo naona wengi wanapitiliza. Sehemu iliyofanywa kwa mpira wa silikoni yenyewe huinywa grisi ya jamaa yake ikavimba, sawasawa na ule mpira wa kawaida katika mafuta ya petroli. Tena, sifa ya kufukuza maji iliyo baraka penye pistoni ni balaa penye nibu: grisi ikifika katika mifereji ile aliyoichonga Waterman, wino hukataa kupita, na kuiondoa ni kazi ya kuchosha. Kiasi kinachobaki kwenye ncha ya kijiti cha meno chatosha pistoni nzima.

Wala jina lililochorwa kifunikoni halitoshi kumwongoza mchaguzi. Pelikan ya kwanza ilikuwa na gome, na katika miaka ya 1940 kalamu za jina hilo hilo zikawekewa kizibo cha kutengenezwa kiwandani. Kalamu ya mwaka 1930 iliyopitia mikononi mwa mafundi watatu inaweza leo kuwa na pete ya mpira mahali palipokuwa na gome, na mpira huo ukawa wa aina yoyote. Fundi mwangalifu huifungua kwanza, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akabonyeza kwa ukucha, ndipo anyoshe mkono kuchukua kichupa.