Vyombo vya mawe vilivyozikwa na wafu wa kale

KATIKA matimbo ya Ndarugo, kati ya Ruiru na Thika, jiwe huchongwa ili kumjengea nyumba aliye hai. Yapata miaka 3,000 iliyopita, wafugaji wa Bonde la Ufa walichonga mawe kwa ajili ya wafu wao pia.

Ushahidi mkubwa ulipatikana katika Pango la Mto Njoro, karibu na Nakuru, lililofukuliwa mwaka 1938 na Louis na Mary Leakey. Humo mlikuwa na mabaki ya watu wapatao 80, wanaume kwa wanawake, ambao miili yao ilichomwa moto. Pamoja nao yaliwekwa mabakuli, vinu na michi ya mawe, kiasi cha kumtosha kila mmoja. Shanga za akiki nazo zilikuwa nyingi.

Mlimani Hyrax, pia karibu na Nakuru, desturi ilikuwa tofauti. Katika makaburi ambayo Mary Leakey alianza kuyachunguza mwaka 1937, maiti walilazwa wakiwa wamekunjwa, kisha wakafunikwa kwa marundo ya mawe. Waliowekewa vyombo vya mawe walikuwa wanawake.

Makaburi ya wafugaji yaliyo makongwe zaidi yapo Turkana. Huko Lothagam Kaskazini, watu wasiopungua 580 walizikwa mahali palipozungushiwa mawe na kusimikwa nguzo za mawe, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wakubwa kwa watoto walizikwa pamoja, wengi wakiwa na mapambo.

Wataalamu wamebishana iwapo mabakuli hayo yalikuwa ya chakula, dawa au rangi nyekundu ya udongo. Kwa umbo, kinu cha kaburini hakitofautiani sana na cha jikoni. Kinachokitambulisha kuwa chombo cha ibada ni mahali kilipolazwa na mifupa iliyo kando yake. Kikishaondolewa hapo bila kuandikwa, hubaki jiwe lenye shimo tu.

Ndiyo maana Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kuyaarifu Makumbusho ya Taifa. Kwa mchimba mawe au mkulima, la busara ni kusitisha kazi na kukiacha kitu hicho palepale hadi wataalamu wafike.