Njia ya Pau: Kutoka Melini hadi Miami Beach

Karata zinazochanganywa vijiweni Magamba, mjini Mpanda, zina kopa, uru, shupaza na pau, ambayo wengine huiita maua. Katika mnada wa mchezo wa karata uitwao briji, pau ndiyo ya chini kuliko zote. Nimeifuata njia yake kwa sababu hiyo ya chini ndiyo iliyokuja kubebeshwa karata nzito kuliko zote.

Njia inaanzia baharini. Mwaka 1925, tajiri wa Kimarekani Harold Vanderbilt, akisafiri kwa meli kupitia Mfereji wa Panama, alibuni hesabu ya alama iliyozaa briji ya leo. Mwaka 1929 akachapisha kitabu chenye wazo jipya: mwenye karata nzito afungue kwa pau moja, mwenzake akiwa hana kitu, ajibu uru moja.

Wazo lilikuwa na hekima. Mnada haurudi nyuma. Kila anayenadi lazima apande juu ya aliyetangulia. Anayeanzia chini hubakiwa na nafasi ya kuelewana na mwenzake kabla bei haijapanda. Hatari yake ni wapinzani: wakiruka juu mapema, nafasi ile huliwa.

Wamarekani wengi waliipa kisogo pau ya Vanderbilt wakafuata mfumo wa Ely Culbertson. Ilistawi Napoli, Italia, mikononi mwa Eugenio Chiaradia. Huko, jibu la kwanza kwa pau moja lilieleza idadi ya ree na wafalme alionao mwenza. Timu ya Buluu ya Italia, iliyokuwa na mabingwa kama Pietro Forquet na Benito Garozzo, ilitwaa Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa briji, mara 10 mfululizo kati ya 1957 na 1969.

Fainali ya 1969, Rio de Janeiro, iliwakutanisha Waitalia na Taiwan, timu ambayo dunia haikuitarajia. Silaha yake ilikuwa Precision, mfumo wa C. C. Wei, mfanyabiashara wa meli mzaliwa wa Shanghai: pau moja kwa mwenye alama 16 au zaidi za karata kubwa, kati ya 40 zilizomo katika karata zote. Taiwan ilishindwa, lakini mfumo wake ulibaki.

Mwaka 1972 Waitalia walikwenda kwenye Olimpiki ya briji, Miami Beach, wakicheza Precision ya Wei, wakawashinda Wamarekani nyumbani kwao. Bingwa alikubali kujifunza kwa timu aliyoishinda, na hiyo ndiyo sehemu ya historia hii ninayoiheshimu kuliko vikombe vyote.