Kupaliwa kwa Watoto Wadogo: Historia Fupi ya Tiba na Umbali, Kutoka Freiburg Hadi Kibamba

Makala hii inajadili tatizo la mtoto mdogo kuvuta kitu kigeni, kama vile karanga, punje ya mahindi au kifungo, katika njia ya hewa. Hoja yake ni kwamba historia ya tiba ya tatizo hili ni historia ya umbali wa aina mbili: kati ya mgonjwa na kifaa, na kati ya mzazi na daktari.

Mwaka 1897, mjini Freiburg, Ujerumani, Gustav Killian alitoa kipande cha mfupa katika njia ya hewa ya mkulima kwa kutumia mrija mgumu, bila kumpasua. Nchini Marekani, Chevalier Jackson aliiendeleza mbinu hiyo, akahifadhi vitu zaidi ya 2,000 vilivyotolewa kwa wagonjwa, wakiwamo watoto wengi.

Mwaka huohuo wa 1897, Hospitali ya Sewa Haji ilifunguliwa Dar es Salaam, mji mkuu wa koloni la Wajerumani. Mwaka 1956 ilifuata Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru iliitwa Muhimbili. Mafunzo ya udaktari yakaanza mwaka 1963. Hata hivyo, tiba ya kibingwa ilijikita karibu na bandari, mbali na Kibamba iliyo kandokando ya Barabara ya Morogoro. Kuzinduliwa kwa hospitali ya Mloganzila mwaka 2017, jirani na Kibamba, kuliufupisha umbali huo wa kwanza.

Umbali wa pili haupimwi kwa kilomita. Neno kupaliwa hutaja tukio la kupita: mtoto hukohoa, hutulia, na mambo huhesabiwa kuwa yamekwisha. Kumbe utulivu huo waweza kumaanisha kwamba karanga imeshuka zaidi, aghalabu upande wa pafu la kulia. Picha ya eksirei kwa kawaida haiioneshi karanga yenyewe. Baadaye mtoto hukohoa tena, akatibiwa pumu au nimonia, huku pafu likiendelea kuharibika.

Kwa hiyo, maneno ya mama kwamba mwanawe alipaliwa juzi ni ushahidi wa kitabibu. Mrija wa Killian haumfai mtoto ambaye habari zake hazikuulizwa.