Faida, manufaa, mafao na marupurupu: tafsiri ya "benefits"

Nomino ya Kiingereza "benefit", ambayo katika nyaraka za ajira hutumika zaidi kwa wingi, "benefits", haina kisawe kimoja katika Kiswahili. Maana zake zimegawanyika katika maneno manne, na kila moja lina mahali pake.

Faida (ngeli ya I-/ZI-) lina asili ya Kiarabu. Kwa jumla ni jema litokanalo na jambo: *faida za kunyonyesha*. Katika biashara ni ziada inayobaki baada ya kutoa gharama, kinyume cha hasara.

Manufaa (ngeli ya YA-) nalo limetoka Kiarabu, na halina umoja. Hutaja jema linalomfikia mtu au jamii, si lazima liwe la fedha: *kwa manufaa ya umma*. Linahusiana na kitenzi *nufaika* na nomino *mnufaika*. Nchini Tanzania, wanaopata mikopo ya elimu ya juu huitwa *wanufaika*.

Mafao (ngeli ya LI-/YA-) linatokana na kitenzi *faa*, kama katika methali "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Nchini Tanzania ni istilahi ya hifadhi ya jamii: *mafao ya uzeeni*, *mafao ya uzazi*. Umoja wake hutumika pia: *fao la kukosa ajira*.

Marupurupu (ngeli ya YA-) ni nyongeza anazopata mfanyakazi juu ya mshahara, kama vile posho, nyumba au gari.

Tahadhari kwa mfasiri. Tazama sentensi hii ya mkataba: *Ajira ikikoma, mfanyakazi atalipwa faida zake.* Msomaji anaweza kudhani kwamba ameahidiwa sehemu ya faida ya kampuni. Ikiandikwa *marupurupu yake*, stahili ya mwanachama aliyechangia mfuko kwa miaka mingi itasomeka kama nyongeza tu ya mwajiri. Ikiwa kinachokusudiwa ni malipo ya mfuko wa hifadhi ya jamii, neno sahihi ni *mafao*.

Kabla ya kuchagua neno, mfasiri ajiulize: ni nani anayetoa, na kwa msingi gani? Kinachotolewa na mfuko kwa mujibu wa sheria ni mafao. Anachoongeza mwajiri juu ya mshahara ni marupurupu. Ziada ya biashara ni faida. Na jema la watu wote ni manufaa.